Mwenye kutafuta utulivu Uturuki afuate kasa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa safari kuhusu likizo ya ufukweni Uturuki niliisoma kwa hamu mpaka nilipofika kwenye orodha ya hoteli. Mwandishi alituahidi mapumziko ya utulivu, kisha akawapeleka wasomaji Bodrum, Marmaris na kwenye hoteli za ghorofa nyingi za Antalya, zile ambazo unalipa mara moja, unakula, unakunywa na kupigiwa muziki hadi usiku wa manane. Picha iliyopamba ukurasa ilikuwa ya Ölüdeniz, imepigwa kutoka juu: maji ya buluu na ulimi wa mchanga mweupe. Ni mahali pazuri, sibishi. Ila picha haina sauti. Aliyeipiga huenda alikuwa ananing'inia angani, maana watu huruka na miavuli kutoka mlima Babadağ, wenye urefu wa karibu mita 2,000, na kutua pale pale ufukweni, kundi baada ya kundi, tangu asubuhi hadi jioni.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya zamu ya usiku, kwenye wodi ambamo taa hazizimwi na kila baada ya muda kuna mtu anayeita. Ndiyo maana nikisema kupumzika nina maana finyu sana: giza, kimya, na mlango usiogongwa. Bahari ni nyongeza, tena nyongeza tamu. Mimi na mzee wangu tulipopanga safari ya Uturuki tulitaka hayo tu, na nawaandikia wasomaji wanaotaka hayo hayo. Pwani ya Uturuki inayo kwa wingi, ingawa kwenye vipeperushi hayaonekani.

Ushauri wangu ni huu: kabla hujaangalia hoteli, tafuta ufuko ambao kasa hutagia mayai.

Neno "tulivu" kwenye tangazo halimfungi mtu. Mwenye hoteli anaweza kuliandika leo, kesho akafunga spika kando ya bwawa la kuogelea, na hutakuwa na pa kumshitaki. Kasa ana sheria nyuma yake. Kasa wa pwani ile ni Caretta caretta, yule mwenye kichwa kikubwa. Kati ya Mei na Agosti jike hutoka majini usiku, hujikokota hadi kwenye mchanga mkavu, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai kama mia moja na kurudi baharini. Akikuta taa au watu wakipitapita, mara nyingi hugeuza bila kutaga. Baada ya karibu miezi miwili vifaranga hutoka, nao hutoka usiku, na huelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao pasipokuwa na majengo ni upande wa bahari. Weka baa yenye taa nyuma yao, watakwenda baa. Kwa sababu hiyo, kwenye baadhi ya fukwe kuu za kutagia serikali ya Uturuki imezuia majengo kando ya mchanga, imebana taa, na watu hawaruhusiwi ufukweni usiku. Yote hayo yamewekwa kwa ajili ya kasa, lakini anayelala kwenye kijiji cha jirani hufaidi vile vile.

Mfano ulio maarufu ni İztuzu, karibu na mji mdogo wa Dalyan katika mkoa wa Muğla. Ni mchanga wa kilomita nne na nusu hivi, mbele bahari, nyuma maji ya mto yaliyojaa matete. Miaka ya 1980 palitakiwa kujengwa hoteli kubwa hapo, na matayarisho yalikwishaanza. Mwanamke mmoja wa Kiingereza, June Haimoff, aliyekuwa na kibanda cha mbao pale pale ufukweni, aliungana na watetezi wa mazingira, Waturuki kwa wageni, wakapiga kelele hadi mradi ukasimamishwa. Mwaka 1988 eneo lote la Köyceğiz na Dalyan likatangazwa kuwa hifadhi maalumu ya mazingira. Bibi huyo, ambaye wenyeji walimwita Kaptan June, alifariki mwaka 2022. Hoteli ile haikujengwa, wala hakuna nyingine iliyojengwa mahali pake. Leo ukisimama katikati ya İztuzu unaona vibanda vya vinywaji kwenye ncha mbili za ufuko, mbali, na kati yake hakuna ukuta hata mmoja.

Ufuko hufungwa saa mbili usiku na kufunguliwa saa mbili asubuhi. Mwezi Juni jua la huko huzama saa mbili imeshapita, kwa hiyo mnatolewa kungali kweupe, na wapo wageni wanaonung'unika. Hatua chache kutoka majini utakuta mstari wa vigingi. Unakaa upande wa bahari tu. Ng'ambo ya vigingi ndiko mayai yaliko: hutandiki taulo, huchomeki mwavuli, humwachi mtoto achimbe. Viota vilivyogunduliwa vimewekewa vizimba ili mbweha wasifukue. Ukiwahi asubuhi, kabla nyayo za watu hazijavuruga mchanga, unaweza kuona njia aliyopita kasa usiku ule, pana, yenye mistari pande zote mbili kama tairi la trekta, imetoka majini, imepinda, ikarudi majini.

Kwenye ncha moja ya ufuko kuna kituo cha kutibia kasa kinachosimamiwa na Chuo Kikuu cha Pamukkale, kinaitwa DEKAMER. Nakiri mzee alichoka kunisubiri hapo. Kila tangi lina mgonjwa wake na maelezo yake: huyu alimeza ndoana, huyu alinaswa na wavu, huyu panga za injini ya boti zilimpasua gamba. Wa mwisho nilimtazama sana. Kidonda kilikuwa kimesafishwa vizuri, kingo zake safi, hakuna usaha, na nilitamani kumwona aliyekihudumia nimpe mkono. Makaburi ya mji wa kale wa Kaunos, yaliyochongwa kwenye jabali juu ya mto karne ya nne kabla ya Kristo, tuliyatazama kutoka kwenye boti tukapita. Kila mtu na mapenzi yake.

Lakini msomaji asikimbilie Dalyan kwa jina tu. Mji wenyewe hauko baharini, uko mtoni, na İztuzu unafikwa kwa boti za ushirika zinazopita katikati ya matete kwa zaidi ya nusu saa, au kwa barabara ya kilomita kama 12. Barabara kuu ya mji ina migahawa na baa, na majira ya joto muziki haukosekani. Ufuko umelindwa, mji haukulindwa. Ukichagua Dalyan, tafuta nyumba ya wageni iliyo nje kidogo, upande wa mashamba au chini zaidi kando ya mto, na uulize wazi iko umbali gani kutoka mtaa wa migahawa. Mwenye nyumba mkweli atakujibu kwa mita. Anayejibu kwamba ni "karibu na kila kitu" amekwisha kukuambia unachotaka kujua.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni Patara. Kijiji kinaitwa Gelemiş, na kutoka hapo hadi baharini ni mwendo wa kilomita mbili hivi, unapita getini na kulipa kiingilio, kwa sababu ufuko uko nyuma ya magofu ya mji wa kale. Na magofu yenyewe si mawe mawili matatu. Patara ulikuwa mji mkuu wa muungano wa miji ya Likia, nchi ya kale ya pwani hiyo, na jengo la baraza walimokutana wajumbe wa miji hiyo limekarabatiwa, unaweza kuingia ukakaa kwenye ngazi zake za mawe. Mtakatifu Nikolasi, ambaye watoto wa Ulaya humngoja kila Desemba, inasemekana alizaliwa hapo. Ukimaliza magofu unakutana na vilima vya mchanga, halafu bahari, na ufuko unaoendelea kushoto na kulia zaidi ya kilomita 10 bila hoteli. Bila hoteli hata moja, Mhariri. Kuna kibanda kimoja cha vyakula na viti vya kulalia vichache mbele yake. Ukitembea robo saa kutoka hapo, jirani yako wa karibu unamwona kama nukta.

Kwa kuwa eneo zima ni hifadhi ya mambo ya kale na ya kasa kwa pamoja, ujenzi umebanwa, na Gelemiş imebaki kijiji: nyumba za wageni za ghorofa mbili, kuku, miche ya nyanya, bibi anayekaanga gözleme mbele ya kibaraza. Gözleme ni mkate mwembamba unaosukumwa kwa mti mrefu, unatiwa jibini au mchicha, unakunjwa na kuchomwa juu ya bamba la chuma. Bibi wa jirani yetu alisukuma unga bila kuutazama, macho yake yote kwa wapita njia, na mkate ukatoka mviringo kila mara. Usiku wa kwanza mwenye nyumba alizima taa za bustani mapema, na mzee wangu akanishika mkono gizani: "Mama, wamekatiwa umeme hawa?" Nikamwambia alale.

Patara nayo ina kasoro yake na ni haki niitaje. Mchana unapopinduka upepo wa baharini huamka, na mchanga hupiga miguu kama hujajifunika. Mawimbi huwa makubwa kuliko ya İztuzu, na miti ya kivuli hakuna. Utaratibu uliotufaa ulikuwa kwenda ufukweni asubuhi na mapema, kurudi kijijini jua likikaza, kulala usingizi wa mchana, na kushuka tena alasiri upepo ukianza kupoa. Mtu anayetaka kushinda baharini kutwa nzima Patara itamchosha. Mimi usingizi wa mchana ndio hasa nilioufuata.

Ufuko wa tatu wa kasa ninaoupendekeza ni Çıralı, upande wa Antalya, chini ya mlima Tahtalı. Ni kijiji cha vibanda vya mbao katikati ya michungwa, na usiku ukipenda unapanda ngazi za mlimani hadi Yanartaş, ambako gesi hutoka kwenye miamba na kuwaka yenyewe, na imekuwa ikiwaka hivyo maelfu ya miaka. Mwenye magoti mabovu ajue mambo mawili: kupanda huko ni kazi, na ufuko wenyewe una kokoto kwa sehemu kubwa. Bila viatu vya mpira vya kuogelea utaingia majini ukiyumba. Ama Kaş, ambayo makala yenu iliitaja kwa pwani yake, ni mji mzuri wa wapiga mbizi, mchanga hauna. Watu hushukia baharini kwa ngazi kutoka kwenye majukwaa ya mbao. Mwandishi angetuambia.

Sasa miezi, na hapa naona ndipo mipango ya wengi huharibika. Julai na Agosti shule za Uturuki zimefungwa, Waturuki wenyewe wako baharini pamoja na Ulaya nzima, na joto hupanda hadi nyuzi 35 na kuzidi. Hata kijiji cha kasa hujaa. Mei ni nzuri kwa macho, maua kila mahali, lakini maji yana nyuzi 20 au 21, na sisi tuliokulia kwenye Bahari ya Hindi tutaingia hadi magotini tukarudi. Katikati ya Juni maji yamefika 24 hivi. Miezi ya kuogelea kwa raha bila msongamano ni Septemba, baada ya shule kufunguliwa wiki ya pili, na nusu ya kwanza ya Oktoba, kwa maana bahari hupoa polepole kuliko nchi kavu na Oktoba bado ina nyuzi 24 au 25. Septemba pia baadhi ya viota huwa bado vinatotoa. Nyumba nyingi za wageni za pwani hufungwa ifikapo Novemba, kwa hiyo usichelewe zaidi ya hapo ukadhani utapata bei nafuu. Utapata mlango wenye kufuli.

Kuna na jambo la sikukuu, ambalo nashangaa gazeti linalosomwa na Waislamu wengi halikuligusa. Idi zote mbili ni mapumziko ya taifa Uturuki, na mara nyingi serikali huziunganisha na wikiendi hadi zikawa siku tisa mfululizo. Wakati huo Istanbul na Ankara huhamia pwani. Mabasi hujaa, bei hupanda, na mwenye nyumba hana muda wa kukusikiliza. Wenzetu wale hupanga tarehe kwa hesabu, hawangoji mwezi uonekane, kwa hiyo tarehe zinajulikana mapema na hakuna sababu ya kukutwa. Mwaka 2026 Idi ya kuchinja, wanayoiita Kurban Bayramı, inaanza Mei 27, na kila mwaka inasogea nyuma kama siku 11. Mpangaji wa safari aanze na kalenda hiyo, tiketi baadaye.

Sisemi hoteli za kulipia kila kitu kwa mkupuo hazina kazi. Mwenye watoto wadogo watatu, anayetaka kujua gharama yote kabla hajaondoka nyumbani, atazipenda, na chakula huwa kingi mpaka aibu. Ninachokataa ni kuziuza kama mahali pa utulivu. Ninakataa pia dhana iliyojificha kwenye makala kwamba bila hoteli ya namna hiyo huna bahari. Sheria ya pwani ya Uturuki ya mwaka 1990, ikifuata katiba yao ya 1982, inasema pwani iko wazi kwa watu wote kwa usawa na kwa uhuru. Hoteli inaweza kukutoza kiti chake na mwavuli wake, lakini haiwezi kukutoza bahari. Mwenye taulo lake ana haki ya kulitandika. Kwenye maeneo yaliyojaa hoteli wapo walinzi wanaojisahau na kujaribu kuwafukuza watu, na malalamiko ya wananchi wa huko juu ya hilo hayaishi. Kwenye fukwe za kasa ninazozipendekeza hutakutana na ubishi huo, kwa kuwa hakuna hoteli kubwa ya kuweka mlinzi.

Kuhusu kuweka nafasi, fanya ukiwa bado nyumbani. Mwaka 2017 mahakama ya Uturuki ilizuia mojawapo ya tovuti kubwa za kimataifa za kukodi vyumba isiuze vyumba vya ndani ya nchi kwa mtu aliye ndani ya nchi. Unaweza kuitumia vizuri ukiwa kwako, ukatua Istanbul, ukataka kuongeza siku, na vyumba vya Uturuki vikakataa kuonekana. Njia niliyoipenda ni kuwaandikia wenye nyumba za wageni moja kwa moja kwa ujumbe wa simu. Huko huitwa pansiyon, kwa kawaida huendeshwa na familia, na kifungua kinywa huwa ndani ya bei: jibini nyeupe, zeituni, nyanya, tango, yai, asali, mkate wa moto na chai inayomiminwa bila kuhesabiwa. Uliza maswali ya mtu mzima. Dirisha linatazama barabara au bustani? Jirani kuna baa? Saa ngapi taa za nje huzimwa? Kutoka chumbani hadi ufukweni ni hatua ngapi, na pana mlima? Mmoja kati ya tuliowaandikia alinijibu kwa kunitumia video fupi ya kibaraza chake saa nne usiku. Ilikuwa nyeusi tupu, na chura mmoja alikuwa analia. Tulikwenda kwake.

Ukikodi nyumba nzima badala ya chumba, kumbuka kuwa tangu 2024 nyumba inayokodishwa kwa watalii kwa siku 100 au pungufu lazima iwe na kibali cha serikali, na kibao chake hubandikwa mlangoni. Omba namba ya kibali kabla ya kutuma pesa. Na popote utakapolala watachukua pasipoti yako kuandika jina lako; wanatakiwa kisheria kuwataarifu polisi au askari jeshi wa vijijini kuhusu kila mgeni, usione wanakushuku.

Fedha ni lira, lakini mtu asijaze daftari bei za mwaka jana. Mwaka 2022 mfumuko rasmi wa bei ulivuka asilimia 80, na tangu hapo migahawa mingi imezoea kufuta na kuandika upya. Nyumba za wageni hutaja bei kwa yuro ili wasihangaike. Uliza kama ushuru wa malazi wa asilimia 2, ulioanza 2023, umo ndani. Samaki huuzwa kwa uzito: apimwe mbele yako, utajiwe bei yake, ndipo aingie jikoni. Na uwe na lira taslimu za kutosha kwa ajili ya dolmuş, daladala za huko. Ukikaa nyuma unampa nauli aliye mbele yako, naye anampa wa mbele yake, mpaka inamfikia dereva, na chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo, mkono kwa mkono, hakuna anayeihesabu njiani. Mzee wangu, aliyeishi maisha yake yote akigombana na makondakta, alirudia safari ile bila sababu.

Kufika si kazi. Kutoka Istanbul unaunganisha ndege ya ndani ya muda wa saa moja na ushee: Dalaman kwa anayekwenda Dalyan au Patara, Antalya kwa anayekwenda Çıralı. Angalia tu kwamba ndege zote mbili zinatumia uwanja mmoja wa Istanbul, kwa sababu mji ule una viwanja viwili vikubwa, kimoja upande wa Ulaya na kingine upande wa Asia, na kati yake kuna foleni ya magari nisiyoweza kuieleza kwa maneno ya heshima. Dalaman hadi Dalyan ni karibu nusu saa kwa gari. Patara na Çıralı zote ziko chini ya barabara kuu ya pwani, D400. Basi hukushusha njia panda, na kutoka hapo ni dolmuş au mwenye nyumba aje akuchukue. Mwombe aje. Mkifika njia panda ya Çıralı jioni na mizigo, zile kilomita saba za kuteremka mlima hazina mzaha. Saa zenu msibadilishe, tangu 2016 Uturuki inatumia saa sawa na ya Afrika Mashariki mwaka mzima.

Viza ya mtandaoni ya Uturuki ina masharti yanayotegemea pasipoti uliyonayo, na tovuti ya serikali ya kuiomba ni moja, evisa.gov.tr. Nyingine zinazofanana nayo kwa rangi na nembo ni za madalali wanaokutoza zaidi. Soma masharti hapo kabla ya kununua tiketi.

Kwa wanawake wenzangu wanaoogopa kuingia majini wakiwa wamejisitiri: kinamama wengi wa Kituruki huogelea na mavazi kamili ya kuogelea ya kujisitiri, yanauzwa hadi sokoni, na aliye kando yao huenda amevaa vipande viwili tu. Sikuona mtu akimtazama mwenzake mara mbili.

Nimalizie na mbu. Fukwe za kasa mara nyingi ziko kwenye midomo ya mito na vinamasi, na Dalyan hasa ni nchi ya matete. Jioni mbu wake hawana adabu. Malaria haipo kama kwetu, lakini kukwaruza usiku kucha ni adhabu tosha. Madirisha ya nyumba nyingi yana wavu. Ukifika, kabla hujafungua begi, upapase pembeni zote nne, na ukikuta tundu mwite mwenye nyumba mchana huo huo.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Tanga
(Jina na anwani vimehifadhiwa)